Kuijua Uskoti kwa Miguu na Masikio: Mwongozo wa Vijiji, Makanisa na Muziki wa Fife

Mtoto wa Thogoto, pale Kikuyu nje kidogo ya Nairobi, huitaja Uskoti kila siku bila kujua. Jina la kijiji ni neno "Scotland" lilivyotoka kwenye ulimi wa Wakikuyu, baada ya wamisionari wa Kiskoti kuhamia hapo mwaka 1898 wakitokea Kibwezi. Mimi nililelewa katika kanisa lao la Presbiteri, yaani PCEA, nikadhani najua kitu kuhusu Waskoti. Nilipohamia Edinburgh, mwaka wa kwanza nilifanya kama wageni wote: ngome ya mjini, kisha basi la watalii hadi Loch Ness na kurudi usiku ule ule. Saa kumi na mbili njiani, picha mia mbili kwenye simu, na nilipoulizwa nimeona nini nikasema maji na mawingu.

Mwongozo huu ni wa mtu asiyetaka kurudia kosa langu. Dawa yake ni kuchukua kipande kidogo cha nchi, ukakipita polepole ukisoma mawe yake na kusikiliza nyimbo zake. Kipande ninachokupendekezea ni Fife, rasi iliyo ng'ambo ya maji kaskazini mwa Edinburgh.

Hatua ya kwanza: panga siku nne na ujue jua linatua saa ngapi

Viza ya Uingereza ndiyo hiyo hiyo ya kuingilia Uskoti, hakuna nyingine. Ukishaingia, panga siku nne: moja ya Edinburgh, moja ya Dunfermline na Culross upande wa magharibi, mbili za vijiji vya uvuvi vya mashariki ambavyo wenyeji huviita East Neuk, yaani kona ya mashariki. Neno "neuk" ni Kiskoti, lugha ndugu na Kiingereza. Kigaeli ni lugha nyingine kabisa, ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi. Ukivichanganya mbele ya mwenyeji utasahihishwa kwa upole, lakini utasahihishwa.

Njoo kati ya Mei na Septemba. Mwezi Juni jua hutua kama saa nne usiku, kwa hiyo una siku mbili ndani ya moja. Desemba linatua kabla ya saa kumi jioni, nawe bado unatafuta mlango wa kanisa. Beba koti lisilopitisha maji na viatu vya kukanyaga matope. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa pwani ile utaugeuza ungo. Jumapili mabasi hupungua sana vijijini, basi siku hiyo itumie kwa ibada na kutembea.

Usafiri ni rahisi. Treni ya kwenda Leven huondoka kituo cha Waverley, Edinburgh. Reli hiyo ilifufuliwa Juni 2024 baada ya kufungwa kwa zaidi ya miaka 50. Kaa upande wa kulia. Utavuka Forth Bridge, daraja jekundu la chuma la karibu kilomita mbili na nusu lililofunguliwa 1890, ambalo wajenzi wake zaidi ya 70 walipoteza maisha, kisha bahari itakufuata dirishani hadi karibu na Kirkcaldy. Kutoka Leven kuna basi la kupita kijiji hadi kijiji mpaka St Andrews. Ukikosa moja, ngoja jingine. Si matatu, halitarudi nyuma kukuchukua.

Kabla ya safari, fungua tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti utazame ramani za zamani, ni bure. Weka ramani ya karne ya 19 kando ya ile ya leo. Utaona kinu kilipokuwa na makanisa mangapi yalikuwa kwenye mtaa mmoja, na mengine yote utayauliza ukifika.

Hatua ya pili: jifunzie Duddingston

Usiende mbali bado. Nyuma ya kilima cha Arthur's Seat, ndani ya Edinburgh yenyewe, kuna kijiji cha Duddingston chenye kanisa la karne ya 12 kando ya ziwa. Ni mahali pazuri pa kuzoeza macho.

Simama langoni. Ukutani utaona mnyororo mfupi wenye pingu ya chuma ya kufunga shingo. Mtu aliyeasi maadili ya kanisa alifungwa hapo watu wakipita kwenda ibadani. Kando ya lango kuna kibanda cha ghorofa kama mnara uliokatwa. Hicho kilikuwa cha walinzi wa makaburi. Mwanzoni mwa karne ya 19 shule za udaktari za Edinburgh zilihitaji maiti za kufundishia, na vijana wa usiku walifukua waliozikwa jana wakawauza. Wanaume wawili, Burke na Hare, waliona kufukua ni kazi nyingi, wakaua watu 16 mwaka 1828 na kuwauza moja kwa moja. Ukitaka kuona namna nyingine ya ulinzi, nenda Greyfriars katikati ya mji, ambako makaburi mengine yamefungiwa vizimba vya chuma. Hapo ndipo pia ulipotiwa saini Mwafaka wa Kitaifa wa 1638, Waskoti walipokataa mfalme kuwapangia namna ya kusali.

Lango moja limekupa nidhamu ya kanisa, historia ya udaktari na hofu ya maskini. Ndivyo utakavyofanya kila utakapofika: simama dakika kumi mahali pamoja kabla ya kupiga picha.

Hatua ya tatu: soma nyumba kabla ya kuingia popote

Panda treni hadi Dunfermline, mji mkuu wa kale wa wafalme. Mnara wa kanisa la abasia umechongwa juu kabisa kwa herufi za mawe zinazosomeka KING ROBERT THE BRUCE, pande zote nne, usije ukasahau aliyezikwa chini yake mwaka 1329. Kisha chukua basi hadi Culross. Hutamkwa "Kuros", ukiitamka ilivyoandikwa, dereva atakuangalia.

Culross kilikuwa kijiji cha makaa ya mawe na chumvi. Sir George Bruce alichimba mgodi uliopita chini ya bahari, na kwa faida yake akajijengea jumba la rangi ya manjano iliyoiva kati ya 1597 na 1611. Biashara ilipokufa kijiji kilisahauliwa, na umaskini huo ndio uliokiokoa: hakuna aliyekuwa na pesa za kubomoa. Shirika la National Trust for Scotland lililinunua jumba hilo mwaka 1932 kwa pauni 700.

Tazama chini kwanza. Katikati ya vichochoro kuna mstari wa mawe yaliyoinuka kidogo. Hapo juu walipita wenye nacho, na wengine wakakanyaga maji machafu pembeni. Sasa inua macho. Vigae vyekundu vya mapaa, tofauti na mapaa meusi ya Edinburgh, vilianza kuja kutoka Uholanzi kama farumi ya kutuliza majahazi yaliyorudi bila shehena. Ncha za kuta zimekatwa ngazi ngazi hadi kileleni, ngazi nyingine za mawe ziko nje ya nyumba. Juu ya milango, kwenye linta, tafuta herufi na mwaka. Ni za mume na mke waliojenga: herufi za mume, herufi za mke, na mwaka. Mke ana herufi ya ukoo wa baba yake, kwa kuwa Waskoti wa zamani hawakubadilisha jina la mwanamke alipoolewa. Utaziona pia Falkland, kijiji cha kasri la kifalme, nyingi mno.

Penye soko pana nguzo ya mawe yenye farasi wa pembe moja juu yake, mnyama wa taifa la Uskoti. Karibu na bahari kuna jengo la mji lenye saa. Darini mwake walifungiwa wanawake waliosingiziwa uchawi. Sheria ya uchawi ilidumu kuanzia 1563 hadi 1736, na Fife iliumia vibaya. Maili chache mashariki, Torryburn, Lilias Adie alifia jela mwaka 1704 kabla ya kuhukumiwa. Walimzika topeni, kati ya maji kupwa na maji kujaa, wakamlaza bamba zito la jiwe juu ili asiinuke. Nenda maji yakiwa yamepwa. Serikali ya Uskoti iliwaomba radhi waliohukumiwa kwa uchawi tarehe 8 Machi 2022.

Hatua ya nne: makanisa, na namna ya kuyaingia

Hapa ndipo nilipokosea sana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza nilifunga safari ya saa mbili hadi kanisa moja la kijijini nikalikuta na kufuli. Nililizunguka mara tatu kwenye mvua. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaniambia kwamba ufunguo hukaa kwa jirani, nyumba ya tatu, "lakini leo hayupo." Tangu siku hiyo napiga simu kwanza. Scotland's Churches Trust ina orodha ya makanisa yaliyo wazi kwa wageni. Mwezi Septemba huwa na siku za milango wazi, majengo mengi yanapoingiwa bila malipo. Kumbuka pia kwamba Kanisa la Scotland limekuwa likifunga na kuuza majengo mengi, hivyo kanisa lililosifiwa kitabuni miaka kumi iliyopita huenda leo ni nyumba ya mtu. Usichungulie dirishani kabla ya kujua.

Ukiingia, usitafute sanamu. Mageuzi ya Kiprotestanti ya 1560 yalifagia karibu zote. Tafuta mimbari: mara nyingi iko katikati ya ukuta mrefu, viti vimeizunguka, kwa sababu neno ndilo lililokuwa kiini cha ibada. Tazama juu kama kuna roshani ya bwana mwenye ardhi, aliyekaa peke yake na familia yake. Uliza kama kuna tokeni za meza ya Bwana, vipande vidogo vya risasi ambavyo wazee wa kanisa waliwapa walioonekana wanastahili kushiriki. Ukiishika kiganjani ni nzito kuliko unavyodhani. Mtu wa PCEA atajikuta nyumbani kwa msamiati pia: baraza la wazee huitwa "kirk session" huku kama linavyoitwa kule kwetu, na mkuu wa mkutano ni moderata.

Usishangae kukuta kijiji kidogo kina makanisa matatu makubwa. Mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 400 walitoka Kanisa la Scotland kwa sababu ya wenye ardhi kuwachagulia waumini wachungaji, wakaanzisha Kanisa Huru na kujenga upya kila mahali. Waskoti waligawanyika tena na tena baadaye. Aliyeona makanisa ya kwetu yakimegeka hahitaji kueleweshwa.

Kama una nafasi ya mawili tu, nakushauri haya. La kwanza ni la Leuchars, karibu na kituo cha treni cha kwenda St Andrews. Zunguka hadi mgongoni mwake, upande wa mashariki: ukuta wa duara wa karne ya 12 umechongwa safu mbili za matao, moja juu ya nyingine, na juu yake vichwa vya mawe vinakukodolea macho. La pili ni la St Monans, lililojengwa na Mfalme David II katika miaka ya 1360, karibu na maji kiasi kwamba bahari ikichafuka rasharasha hufika ukutani. Ndani pananing'inia mfano wa merikebu. Mswahili wa Lamu au Bagamoyo hahitaji kuambiwa kwa nini watu wa baharini hutaka chombo chao kiwe karibu na Mungu.

Makaburini pita taratibu. Mawe ya karne ya 17 na 18 yana mafuvu, mifupa iliyopishana na shisha za mchanga za kuhesabia saa, si kwa kutisha bali kukumbusha. Kazi ya marehemu imechongwa humo pia: nanga ya baharia, nyundo yenye taji ya mhunzi, kifumio cha mfuma nguo. Usisugue kuvu wala kupaka chaki. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa la ubavuni, maandishi yatajitokeza yenyewe.

Hatua ya tano: tembea kutoka diko hadi diko

Kutoka St Monans shika njia ya miguu ya pwani kuelekea mashariki. Ni kipande cha njia ya kilomita 187 inayozunguka Fife, lakini wewe unahitaji kama tano tu. Utapita kinu cha upepo kilichovuta maji ya bahari kwa ajili ya kupikia chumvi, kisha Pittenweem, ambako wavuvi bado hushusha mzigo na ambako kuna pango la mtakatifu Fillan ndani ya mwamba, kisha Anstruther. Sheria ya ardhi ya 2003 inakupa haki ya kupita karibu popote kwa heshima. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Anstruther ingia Makumbusho ya Uvuvi ya Uskoti. Tenga saa mbili. Sehemu ya kukaa zaidi ni ile ya wasichana wa heringi, samaki wa jamii ya dagaa anayekua hadi urefu wa kiganja na zaidi. Wasichana hao walifuata meli kutoka visiwa vya Shetland hadi Yarmouth, pwani ya mashariki ya Uingereza, watatu watatu, wawili wakipasua na mmoja akipanga kwenye pipa na chumvi. Vidole walivifunga vitambaa ili kisu na chumvi visiwamalize. Na waliimba, hasa tenzi za kanisa. Bila hilo hutaelewa muziki wa pwani hii ulitoka wapi.

Maliza Crail, bandari ndogo inayopigwa picha sana. Nje ya uwanja wa kanisa kuna jiwe kubwa la samawati. Wanasema shetani alilirusha kutoka kisiwa cha May akilenga kanisa, likapasuka njiani. St Andrews yenyewe nakuachia: magofu ya kanisa kuu lililowekwa wakfu 1318 mbele ya Robert Bruce, mnara wa St Rule wa mita 33, chuo kikuu cha 1413. Kila kitu kimeandikwa kwenye vibao, na watu wa gofu watakuonyesha mengine.

Hatua ya sita: muziki, kwanza nyumbani kisha barazani

Anza kusikiliza kabla hujafunga mizigo. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha mwaka 1951 idara ya kurekodi nyimbo na masimulizi ya watu wa kawaida, na rekodi nyingi ziko wazi kwenye tovuti ya Tobar an Dualchais. Andika jina la kijiji unachokwenda, usikie mkulima au mvuvi aliyekwisha kufa akiimba jikoni kwake, kijiko kikigonga kikombe nyuma yake.

Zifundishe sikio tofauti zake. "Reel" hukimbia kwa nne nne, "jig" huruka kwa sita. "Strathspey" ndiyo ya Waskoti peke yao: noti fupi kisha ndefu, ta-taaa, kama mtu anayejikwaa kwa makusudi. Zumari la mfuko utalisikia barabarani Edinburgh kwa lazima, lakini ukitaka kulielewa nenda Glasgow kwenye kituo cha taifa cha zumari, ndani ya lililokuwa kanisa. Kutoka visiwa vya magharibi, sikiliza nyimbo za wanawake wa kupiga nguo ya sufu mezani: mmoja anatoa, wote wanapokea, mikono ikishika mdundo. Aliyetwanga mahindi na wenzake atazitambua. Sikiliza pia zaburi za Kigaeli, kiongozi akitupa mstari na kanisa zima likiujibu, kila mtu kwa mapambo yake. Mara ya kwanza nilidhani kaseti imeharibika.

Sasa toka. Edinburgh, barabara ya Forrest, kuna baa ya Sandy Bell's inayojulikana kwa muziki wa namna hii, hatua chache kutoka Greyfriars. Si tamasha. Wanamuziki hukaa duara wakitazamana, nawe ni mgeni barazani. Agiza kinywaji, soda inatosha, hakuna atakayekuuliza. Usikae kwenye viti vya duara. Usirekodi kabla ya kuomba. Mtu akianza kuimba bila ala, nyamaza kabisa, hata glasi usiiweke chini kwa kishindo.

"Ceilidh," hutamkwa "keli", ni kitu kingine: ni dansi. Mpangaji hutangaza hatua, hivyo ujinga wako umeshatarajiwa. Na hapo, nikishikwa mkono na bibi wa miaka sabini, nilisikia kodiani ikianza na magoti yangu yakakumbuka mwomboko. Ngoma hiyo ya Kikuyu, na kodiani yake na chuma cha karing'aring'a, inasimuliwa kuwa ilichota kwenye walzi na dansi za Waskoti. Nilipomweleza bibi alicheka, akasema basi nisijifanye sijui.

Kama safari ni ya Januari, tarehe 25 ni siku ya mshairi Robert Burns, aliyezaliwa Alloway mwaka 1759. Utapewa hagisi: moyo, ini na mapafu ya kondoo, na oti, vikipikwa ndani ya tumbo. Mla mutura, ile soseji ya utumbo ya Wakikuyu, hatatishika.

Mchepuko: Blantyre

Msomaji wa Kiswahili asikose nusu siku ya Blantyre, treni fupi kutoka Glasgow. Katika nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, chumba kimoja kwa familia nzima, alizaliwa David Livingstone mwaka 1813. Kiwandani aliingia akiwa na miaka kumi. Makumbusho yake yalifunguliwa upya 2021. Waulize wahudumu habari za Chuma na Susi, waliobeba maiti yake kwa miezi kadhaa kutoka Chitambo hadi Bagamoyo. Kwetu mnara wa Bagamoyo unaitwa kwa jina lake, si kwa majina yao.

Hatua ya mwisho: beba wimbo wako

Usiku wa mwisho nilikuwa Anstruther, kwenye chumba cha nyuma chenye watu kumi na fidla mbili. Desturi ni kwamba mgeni naye huombwa atoe kitu, kwa hiyo fanya mazoezi ya wimbo mmoja kabla ya kuja, mfupi, unaoujua bila simu. Mimi sikuwa nimejiandaa. Nikaimba Zaburi ya 23 kama tulivyoiimba kwaya ya kwetu, kwa Kiswahili.

Muziki wake unaitwa Crimond, jina la kijiji cha Aberdeenshire. Ulichapishwa 1872 na hutajwa kuwa wa Jessie Seymour Irvine, binti wa mchungaji wa hapo. Saa ya kanisa lile, kwa njia, ina dakika 61 badala ya 60, na hakuna anayetaka kuirekebisha. Nilipofika ubeti wa pili, mzee aliyekuwa pembeni na kofia yake magotini akaingia na sauti ya chini, kwa maneno yake, mimi kwa yangu. Fidla hazikuguswa. Tulipomaliza akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Thogoto. Akanitaka nilirudie jina hilo polepole, mara mbili.